Kikao cha Jumatatu kwenye kiwanda cha minofu: uchambuzi wa kisa kimoja cha Mwanza

Kiwanda kinachozungumziwa hapa ni kimoja kati ya viwanda vya kuchakata minofu ya sangara vilivyojengwa kando ya ziwa jijini Mwanza, na jina lake halitatajwa kwa kuwa wahusika wangali kazini. Kisa chenyewe si cha ajabu. Wakuu wa idara walikuwa wakikutana kila Jumatatu kwa miaka, muhtasari ukiandikwa na kuwekwa kwenye faili, na bado malalamiko yaleyale yalirudi wiki baada ya wiki mpaka yakazoeleka kama sehemu ya kikao. Baadaye kikao kilibadilishwa muundo, bila bajeti mpya na bila mtu kufukuzwa, na baada ya miezi kadhaa utendaji wa idara mbili ulikuwa umebadilika waziwazi, wa idara moja ulikuwa palepale, na tatizo moja ambalo halikuwapo mwanzo lilikuwa limezaliwa. Nilikaa kwenye baadhi ya vikao hivyo nikiwa mshauri, na ninachokusudia ni kueleza kwa nini matokeo yalitofautiana kiasi hicho wakati kikao kilikuwa kimoja.

Mazingira ya kazi

Sangara hawavuliwi mbele ya kiwanda. Boti za kukusanya samaki huondoka Mwanza zikiwa na barafu, huzunguka mialo ya Ukerewe, Ukara, Kome, Maisome na visiwa vingine, hununua samaki kwa wavuvi kupitia mawakala, kisha hurejea baada ya siku kadhaa. Tangu samaki anapotolewa majini mpaka mnofu wake unapofungwa kwenye boksi, barafu ndiyo inayoamua thamani yake. Samaki aliyekaa saa chache bila barafu ya kutosha katika joto la ziwani hulainika, matamvuli yake hubadilika rangi na harufu, na akifika mapokezi mdhibiti ubora humshusha daraja au humkataa kabisa. Hasara hiyo haina wa kuibeba kwa furaha: wakala humlaumu nahodha, nahodha hulaumu barafu, na kiwanda hukosa shehena ambayo tayari kilikuwa kimewaahidi wanunuzi wa nje.

Viwanda vya ukanda huu vina sababu ya pekee ya kuwa makini na kumbukumbu. Kati ya mwaka 1997 na 1999 Umoja wa Ulaya uliwawekea vikwazo samaki wa Ziwa Victoria zaidi ya mara moja, kwanza kwa sababu ya bakteria wa salmonela, kisha kwa hofu ya kipindupindu, na mwishowe kwa sababu ya sumu iliyokuwa ikitumiwa na baadhi ya watu kuvulia. Viwanda vililazimika kujenga mfumo wa kudhibiti hatari za usalama wa chakula, ule unaoitwa kwa kifupi HACCP, ambao una fomu kwa kila hatua: joto la samaki wakati wa kupokelewa, klorini ya maji, usafi wa visu na meza, msimbo wa kila shehena ili ijulikane imetoka boti gani na siku gani. Sampuli huchunguzwa kwenye maabara ya taifa ya samaki iliyopo Nyegezi. Kwa maneno mengine, kiwanda hiki hakikuwa na upungufu wa takwimu hata kidogo. Ninalisisitiza hili kwa sababu mshauri anapoitwa kutibu uzembe, jambo la kwanza linalomjia mara nyingi ni kuongeza fomu, na hapa fomu zilikuwa zimejaa makabati.

Kikao cha zamani

Kikao kilianza saa tatu asubuhi, meneja wa uzalishaji akiwa mwenyekiti, na wakuu wa mapokezi, uchakataji, udhibiti ubora, mitambo, stoo, boti na utumishi wakiwa wajumbe, pamoja na wasimamizi wa zamu. Agenda ilifuata mpangilio unaojulikana na yeyote aliyewahi kukaa kwenye kamati ya shule au bodi ya ushirika: kufungua kikao, kusoma muhtasari wa kikao kilichopita, yatokanayo, taarifa za idara, mengineyo, kufunga. Taarifa za idara zilimeza muda. Kila mkuu alisoma tarakimu ambazo wenzake walikwisha kuziona kwenye ubao wa ofisi au kwenye kundi lao la WhatsApp, kisha meneja alizungumza kwa kirefu, na maneno yake yalielekezwa kwa watu wote kwa pamoja: tuongeze umakini, tupunguze uzembe, tushirikiane. Yatokanayo yalipitiwa haraka kama dua ya kufungulia, na mengineyo yakaishia kwenye mambo ya michango ya msiba na sare za kazi.

Mihtasari ya wakati huo inaeleza ugonjwa vizuri kuliko mahojiano yoyote. Suala la barafu kwenye boti linaonekana humo mara kwa mara kwa maneno yanayofanana, na mbele yake kuna safu mbili. Safu ya utekelezaji imeandikwa «linaendelea». Safu ya mhusika imeandikwa «idara husika», na mara nyingine «wote». Hakuna aliyeandika hivyo kwa nia mbaya. Katibu wa kikao, kijana wa ofisi ya utumishi, aliniambia kwamba kuandika jina la mtu mzima kwenye safu ile kungeonekana kama kumshitaki, na asingeweza kufanya hivyo kwa mtu ambaye nje ya ofisi humwita baba.

Athari ya kumkabidhi kila mtu kazi moja ilipimwa zamani. Mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, Max Ringelmann, katika matokeo aliyoyachapisha mwaka 1913, alionesha kwamba watu wanapovuta kamba pamoja, nguvu anayotoa kila mmoja hupungua kadiri idadi yao inavyoongezeka. Sehemu ya upungufu huo hutokana na watu kutovuta kwa wakati mmoja, na sehemu hutokana na kila mmoja kujua kwamba mchango wake hauonekani. Safu ya mhusika iliyoandikwa «wote» ilikuwa imehalalisha hali hiyo kwa maandishi na kuigongea muhuri.

Muundo mpya

Mabadiliko yenyewe yanaweza kuelezwa kwa ufupi. Yatokanayo yaliletwa mwanzoni na kupewa sehemu kubwa ya muda, na taarifa za idara ziliondolewa kabisa, kwa sharti kwamba tarakimu ziwe zimebandikwa ubaoni tangu Jumamosi jioni. Kila jambo lililoamuliwa liliandikwa kwenye daftari moja kubwa likiwa na jina la mtu mmoja, tarehe, na jibu la swali ambalo mwanzo liliwachosha watu: tutajuaje kwamba limefanyika? Mhusika alisoma mstari wake mwenyewe kwa sauti yake mwenyewe, akasema limefanyika au halijafanyika. Likiwa halijafanyika, hakuulizwa kwa nini ameshindwa. Aliulizwa ni kitu gani kimezuia na ni nani aliyemo chumbani anayeweza kukiondoa. Uenyekiti ulizunguka miongoni mwa wakuu wa idara, meneja akabaki mjumbe kama wengine. Muda wa kikao ulishuka kutoka zaidi ya saa moja na nusu hadi chini ya saa moja.

Ilijaribiwa pia kufanya kikao watu wakiwa wamesimama, kwa kuwa vitabu vya menejimenti hupenda sana jambo hilo. Liliachwa mapema. Kumwacha mkuu wa boti, mwenye mvi na goti bovu, asimame mbele ya vijana waliomkuta kazini, kulileta ukimya wa aina ambayo hakuna mwenyekiti angeuhitaji.

Chini ya kikao hiki kiliwekwa kingine cha dakika chache kwa kila zamu kabla ya visu kushikwa, ambapo msimamizi alitaja kilichokwama jana, kilichorekebishwa, na jambo moja la kuangaliwa leo. Mwanzoni kikao hicho kilifanywa kabla ya muda wa kuingia kazini kuanza kuhesabiwa, na wafanyakazi walinung'unika kwa haki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 9 za kawaida kwa siku na 45 kwa wiki, na inataka saa za ziada zilipwe kwa kiwango kisichopungua mara moja na nusu ya mshahara wa msingi. Kikao kinachoitishwa na mwajiri ni kazi. Uongozi ulikiingiza ndani ya muda wa zamu, na ndipo watu walipoanza kusema kitu ndani yake.

Suala la barafu

Jambo lililoupa muundo mpya uhai ni barafu, na linastahili kuelezwa kwa utaratibu kwa sababu lilikwenda kinyume na matarajio ya karibu kila mtu, meneja akiwa wa kwanza.

Katika kikao cha mwanzo mkuu wa boti aliahidi kwamba boti zote za njia ya visiwani zitaondoka na barafu kamili, na alama ya utekelezaji ikawa karatasi ya kupakia iliyosainiwa na mpokeaji wa stoo ya barafu. Jumatatu iliyofuata alisoma mstari wake na kusema halijafanyika. Zamani angeambiwa aongeze juhudi, naye angejibu kwamba watalifanyia kazi. Safari hii aliulizwa kilichozuia. Akajibu kwamba boti huanza kupakia alfajiri, na alfajiri barafu huwa imekwisha. Mkuu wa uchakataji, aliyekuwa kimya, alikiri kwamba zamu ya usiku huichota kwa ajili ya samaki waliomo ndani. Kwa nini inakwisha ilhali mtambo ulijengwa kwa kutosheleza pande zote mbili? Mkuu wa mitambo alieleza kwamba kompresa moja kati ya zilizokuwepo imesimama na kipuri kimeombwa. Mkuu wa stoo akasema maombi aliyapeleka. Yalikuwa yamelala mezani kwa meneja.

Mwenyekiti wa siku hiyo alikuwa mkuu wa udhibiti ubora, mwanamke asiyependa maneno mengi. Alimuuliza meneja kama jina lake liandikwe. Akakubali, ingawa kwa uso wa mtu aliyekubali kwa kuwa kukataa kungemgharimu zaidi.

Kama kisa hiki kingekuwa hadithi, kipuri kingefika wiki iliyofuata. Hakikufika. Meneja alisoma mstari wake na kusema halijafanyika, na wiki nyingine tena halijafanyika, kwa kuwa malipo ya kiasi kile yalihitaji idhini ya wenye kiwanda ambao hawaishi Mwanza. Jambo ambalo halikutarajiwa ni kwamba kuendelea kwa mstari huo kuliwafundisha wajumbe zaidi ya utekelezaji wake. Walimwona mkubwa wao akisoma kwamba hajafanya, akiulizwa kwa upole kilichozuia, na akijibu bila kukasirika. Baada ya hapo wakuu wawili waliokuwa na mazoea ya kujibu «linaendelea» walianza kusema «halijafanyika», na jibu hilo, kwa maoni yangu, ndilo badiliko kubwa kuliko mengine yote yaliyotokea kiwandani pale. Mtu haoneshi jeraha mahali ambapo wenzake wanapigwa kwa kulionesha.

Meneja aliporejea na jibu la uhakika kwamba kipuri hakitanunuliwa mapema, kikao kililazimika kuacha kukisubiri. Msimamizi wa zamu ya usiku, wa chini kabisa kwa cheo mle chumbani, ndiye aliyependekeza kwamba mpangilio wa kuchota ugeuzwe: barafu inayotengenezwa baada ya saa sita usiku iwe ya boti kwanza, na ndani ya kiwanda samaki wa zamani wahamishiwe chumba cha baridi mapema ili wasihitaji kufunikwa upya. Pendekezo hilo lilikuwa la bure. Lingeweza kutolewa wakati wowote katika miaka iliyopita, isipokuwa aliyelijua hakuwa na nafasi ya kusema, na waliokuwa na nafasi ya kusema hawakujua kwamba ugomvi wa boti na ugomvi wa zamu ya usiku ni ugomvi mmoja. Samaki wa njia ya visiwani walianza kufika wakiwa wagumu na baridi. Kipuri kilipopatikana hatimaye, mpangilio mpya haukuondolewa.

Ninalikazia suala hili kwa sababu limeeleweka vibaya hata ndani ya kiwanda. Wenye kiwanda walipoona matokeo walisema manahodha wamepata adabu. Manahodha hawakubadilika kitabia hata kidogo, walipewa barafu. Uwajibikaji uliojengwa na kikao ulipanda juu, kutoka kwa nahodha hadi kwa mkuu wa boti, hadi mitambo, hadi stoo, hadi meza ya meneja, na kikao ambacho hakiruhusu mstari kupanda namna hiyo kitabaki kuwatafuta wazembe mahali pasipo na wazembe. Ahadi ni deni, husemwa, lakini kwenye kazi za pamoja deni hilo mara nyingi lina wadhamini ambao majina yao hayakuandikwa.

Heshima na lawama

Hofu ya katibu kuhusu kumwandika mtu mzima ilikuwa na msingi, na muundo ungeshindwa kama usingeijibu. Katika sehemu zetu mkubwa hasutwi mbele ya wadogo. Akisutwa, kikao kimekwisha hata kama watu bado wameketi, na lililobaki litamalizwa pembeni au halitamalizwa. Njia iliyotumika, ya mhusika kujisomea mstari wake, iliondoa haja ya mtu yeyote kumshitaki mwenzake. Katibu hakusoma majina tena. Mkuu wa boti, ambaye wiki za kwanza alisoma haraka kama anayepita mahali pabaya, baadaye ndiye aliyekuwa akimkumbusha mwenyekiti kwamba mstari fulani umerukwa.

Kuna mpaka mwingine uliolindwa, nao ni kati ya kazi na mtu. Avraham Kluger na Angelo DeNisi walichapisha mwaka 1996 uchambuzi uliokusanya vipimo 607 vya athari za mrejesho kazini na mahali pengine. Kwa wastani mrejesho uliinua utendaji, lakini katika zaidi ya theluthi moja ya vipimo hivyo uliushusha, na maelezo yao ni kwamba mrejesho huharibu pale unapohamisha mawazo ya mtu kutoka kwenye kazi na kuyapeleka kwenye nafsi yake. Mbele ya kadamnasi nafsi huamka haraka. Kwa hiyo kikao cha Jumatatu kilijadili ahadi na vizuizi tu, wala hakikujadili kwamba fulani ni mvivu au mchelewaji.

Ulitokea mtihani wa jambo hilo. Msimamizi mmoja alirudia «halijafanyika» kwa mambo yaliyokuwa mikononi mwake kabisa, na vizuizi alivyovitaja vilipoondolewa alitaja vingine. Wajumbe walianza kucheka. Mkuu wa utumishi aliomba suala litolewe mezani, akamwita faragha. Hilo halikuwa suala la adabu njema peke yake. Kanuni za utendaji bora za mwaka 2007, zilizotungwa chini ya sheria ile ya ajira, zinamtaka mwajiri anayetaka kuchukua hatua kwa utendaji usioridhisha kwanza achunguze sababu, ampe mfanyakazi mwongozo na mafunzo yanapohitajika, na ampe muda wa kutosha wa kujirekebisha. Mwajiri anayedhani kwamba muhtasari wa kikao alimochekwa mtu unatosha kuwa ushahidi wa hatua hizo atashangazwa mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Faragha ilionesha kwamba msimamizi yule hakujua kutumia programu mpya ya kurekodi shehena na alikuwa akiona haya kuuliza. Alifundishwa. Alipunguza kushindwa, ingawa hakuwa nyota, na sioni sababu ya kudai kwamba kila kisa cha namna hii huisha vizuri zaidi ya hapo.

Ubao na ujanja wake

Tatizo lililozaliwa lilitoka upande wa uchakataji. Ubao wa zamu ulionesha kreti zilizorudishwa na udhibiti ubora kwa kila zamu, pamoja na kiasi cha nyama kinachobaki kwenye mapanki, yaani mifupa ya samaki inayobaki baada ya kukata minofu. Vipimo vyote viwili vina maana: panki lenye nyama nyingi ni furaha kwa wakaangaji wa mtaani na hasara kwa kiwanda. Kwa majuma ya mwanzo tarakimu zilipendeza. Kisha ikagundulika kwamba zamu ya mchana, inapoona samaki wa wasiwasi, huwaacha kwenye barafu mpaka zamu ya usiku ianze, ili kreti zikirudishwa ziandikwe kwa wenzao. Zamu ya usiku ilipojua, ilianza kufanya vilevile alfajiri. Samaki wale wabaya walizungushwa kwenye zamu mpaka wakawa wabaya kwelikweli.

Hapa kikao kilichojengwa kwa ajili ya uwajibikaji kilikuwa kimezalisha kinyume chake, na lawama haikuwa ya wakata minofu. Watu wakipimwa kwa zamu watailinda zamu. Marekebisho yalipatikana kwenye kitu kilichokuwepo siku zote, yaani msimbo wa shehena ulioletwa na masharti ya masoko ya nje. Hesabu ilihamishwa kutoka kwenye zamu kwenda kwenye shehena, kila shehena ikifuatwa kutoka boti hadi boksi, na muda iliokaa katika kila hatua ukiandikwa. Kuichelewesha kukawa ndiko kunakoonekana. Vikao vya zamu navyo vilianza kufanywa wakati wa kupokezana, zamu mbili zikiwa pamoja kwa dakika chache, jambo ambalo kama lingefanyika mapema pengine lingezuia mchezo wote. Wakata minofu wa siku nyingi walisema hivyo tangu mwanzo, kwa taarifa ya yeyote atakayenakili mpango huu.

Idara isiyobadilika

Idara isiyobadilika ni stoo. Mkuu wake alihudhuria, alisoma mistari yake, alitaja vizuizi kwa ukweli, na kila mara kizuizi kilikuwa kilekile: wauzaji wa vifungashio na dawa za usafi hawajalipwa, kwa hiyo hawaleti, na malipo yanafanywa na watu wasiofika kwenye kikao. Kikao kiliweza kuhamisha jina kutoka kwa mtu mmoja hadi kwa mwingine mradi wote wawe chumbani. Mstari ulipofika ukutani ulisimama. Meneja alianza kupeleka orodha ya mistari iliyokwama kwa wenye kiwanda kila mwisho wa mwezi, na baadhi ilijibiwa, lakini kwa mwendo ambao hauwezi kuitwa wa wiki. Mkuu wa stoo hatimaye aliomba mambo yale yasisomwe tena kila Jumatatu, kwa hoja kwamba kumtaka mtu atangaze kila wiki asichoweza kukifanya ni adhabu iliyovaa nguo za utaratibu. Ombi lilikubaliwa, na nadhani lilikuwa sahihi. Mistari hiyo iliwekwa ukurasa wa nyuma wa daftari chini ya jina la meneja peke yake.

Ufa wa namna hiyohiyo ulibaki upande wa majini. Manahodha wengi si waajiriwa wa kiwanda, huajiriwa na mawakala wenye boti, na ratiba yao hufuata upepo na bei ya mwaloni kuliko Jumatatu ya mtu yeyote. Mkuu wa boti aliwawakilisha, lakini mwakilishi hawezi kuahidi kwa niaba ya mtu asiyemlipa. Pendekezo nililoliacha mezani ni kikao kifupi kifanyike gatini wakati wa kupakia barafu, nahodha, wakala na mpokeaji wa kiwanda wakiwa wamesimama kwenye boti moja, na swali liwe moja tu kuhusu safari iliyopita: shehena yako ilifika na joto gani, na njiani kilitokea nini. Mawakala wawili walikubali kujaribu. Wengine walitaka kwanza kujua kama samaki wakifika wazuri bei itapanda, na swali hilo liliandikwa kwenye daftari, kwa jina la meneja, likiwa na tarehe.